Moshi wa Nyumba ya Likizo

Mimi na mama yangu tulikuwa na ugonjwa mmoja, kushuku. Baba alikuwa akitutania kwamba hata tukipewa maji ya kunywa tunayanusa kwanza. Mama alijibu kuwa anayenusa hatapiki, na mimi nilimuunga mkono kwa nguvu zote.

Tulikaa Nyasho, mjini Musoma, kwenye vyumba vya kupanga, baba akiwa karani wa serikali. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa kijijini upande wa Buswahili, chini ya vilima vya mawe. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule na jiko la ndani, na paa la bati ambalo baba alilikusanya kidogo kidogo tangu mwaka wa Uhuru. Tulikwenda likizo ya Juni na ya Desemba tu. Tulikula karanga mbichi, tukapanda mawe mpaka magoti yakachunika, kisha tukafunga mlango kwa kamba na kurudi mjini. Mama aliipenda nyumba ile kupita kiasi, kwa kuwa mjini alishahamishwa na wenye nyumba mara tatu. Katika ile hakuna ambaye angemtoa.

Aliyetuangalizia alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane aliyekaa peke yake katika nyumba ya nyasi hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, na kila nilipokaribia alipokuwa akiongea na mtu, alinyamaza. Hilo peke yake lilinitosha kumweka katika daftari langu la watu wabaya.

Likizo moja ya Juni, nikiwa na miaka kumi na miwili, tuliingia tukakuta jivu jikoni. Mama aliingiza kidole akakitoa haraka, kwa sababu lilikuwa bado la moto. Shuka alizozidarizi mwenyewe zilinuka moshi. Wakati ule watu walikuwa wameanza kuhamishwa na serikali kutoka mashambani kwao wakakae pamoja kando ya barabara, na kila siku ungeona sura ngeni zikipita na vitanda kichwani.

"Nyumba yangu imegeuzwa gesti," mama aliniambia kwa sauti ya chini. Kisha akamwita shangazi. "Wifi, kuna mtu analalaga humu?"

"Alale nani?"

"Na hili jivu?"

"Nyumba inatakaga moshi, wifi. Ikikosa moshi inakufa."

Alinitupia jicho, akaondoka. Mama akaguna. Tulijua kama kila mtu kwamba moshi hufukuza mchwa, lakini mchwa gani hao wa kufukuzwa kila siku? Nilikuwa na hakika kuna mtu anafichwa, na nikaamua kumnasa.

Siku ya kurudi Musoma nilichukua uzi mweusi wa kushonea. Mmoja niliufunga mlango wa jikoni, usawa wa goti, na mwingine mlango wa chumba cha mama. Miezi sita mizima darasani nilikuwa nikiwaza nyuzi zangu.

Desemba niliomba niingie wa kwanza. Uzi wa jikoni ulikuwa umekatika. Uzi wa chumbani ulikuwa mzima, umekazwa vilevile nilivyouacha. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mtoto. Aliyekuwa akiingia alikwenda jikoni tu, hakulala popote, hakugusa kitu cha mtu, na moshi uliingia kwenye shuka kwa kuwa kuta zetu hazikufika juu. Lakini nilikuwa nimeshamhukumu shangazi muda mrefu, na nilitaka nionekane nimepatia. Nikaufungua ule mzima nikautia mfukoni. Nikamkimbilia mama na ule uliokatika.

Mama alikwenda kwa miguu mpaka Butiama, akarudi na kufuli kubwa la shaba lenye funguo mbili. Baba alipokuja kutuchukua aliambiwa ni kwa ajili ya wezi. Alilitazama, akasema ni kufuli zuri.

"Wifi," shangazi alisema tulipokuwa tunaaga, "niachie ufunguo mmoja."

"Zote nitatunza mimi."

Shangazi hakuligusa lile kufuli wala hakulitazama. Aliangalia juu, kwenye bati. Nilifurahi sana, nakiri, nilifurahi kama niliyeshinda mbio. Na kwa kuwa hata kufuli sikuliamini, nyuzi mbili nilikuwa nimeshazifunga tena ndani.

Juni iliyofuata baba alibaki ofisini, tukaenda mimi na mama. Tuliposhuka barabarani tulikuta kijiji kipya kimejipanga mistari, na balozi wa nyumba kumi akatupokea bila kutuchangamkia. Aliposikia tunakwenda nyumbani alisema atatusindikiza. Njiani nilimshuku na yeye.

Nyumba yetu haikuwa na bati hata moja. Kuta zilikuwa zimeoshwa na mvua mpaka zimeanza kumumunyuka, na kule ilikokuwa nyumba ya shangazi kulikuwa na majani tu. Mlango wetu ulisimama umefungwa, na kufuli la mama likining'inia.

"Nani kafanya hivi?" mama aliuliza.

"Mama, sisi tulikuwa tunapitaga asubuhi huko chini, tunaangalia moshi," balozi alisema. "Nyumba yenye moshi ina watu, inaachwa mpaka wenyewe wavune wahame na bati zao. Isiyo na moshi tunaandika haina mtu. Hii yenu ilikuwa inatoaga moshi kila siku. Baada ya Krismasi moshi ukawa unatokea nje, tukavumilia. Masika yakaja, ukakatika. Bati zake ndizo zimeezekea stoo ya kijiji."

Alituonyesha kwa kidole. Pembeni ya mlango, chini ya ukingo uliokuwa wa paa, palikuwa na mafiga matatu na jivu lililogandamana kwa mvua.

Shangazi alikuja nyuma yetu, amepanda mlima haraka kutoka kijiji kipya, pumzi zimemwishia. Mama alimgeukia.

"Wifi, mbona hukuniambia?"

"Kaka yangu ni mtu wa serikali, angeulizwa kama humu mna watu asingeweza kuficha. Na wewe ungemwambia. Na huyu," alinielekeza kwa kidevu, "huyu anasikiaga kila kitu. Niliogopa mdomo wake."

Kumbe na yeye alikuwa akitushuku. Mama alitoa ufunguo kwenye pindo la khanga, akafungua kufuli la nyumba isiyo na paa, akaingia. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Alisimama mbele ya mlango wa jikoni, akainama. Uzi wangu ulikuwa pale, mzima. Akaenda mlango wa chumbani. Na huo mzima.

"Huu ni ule mtego wako?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka jana uliniletea uzi mmoja." Aliushika ule wa chumbani kwa vidole viwili. "Huu wa hapa ulikuwaje?"

Mama yangu hakuwahi kuhitaji kuuliza kitu mara mbili. Nilitazama mbingu pale palipokuwa na paa la bati, nikalia. Shangazi alisikia yote akiwa mlangoni, akanikazia macho.

"Shukeni," alisema mwishowe, "nimeacha uji motoni."

Mama akamwekea funguo mkononi, zote mbili. Shangazi akazifunga kwenye pindo la nguo yake, akatangulia.