Filimbi ya Jumamosi

Miaka ile ya tisini, wezi wa mtaa wetu pale Kakamega hawakuwa na haya hata kidogo. Hawakungoja giza. Walikuja mchana kweupe, watu wakiwa ofisini na sokoni, wakaondoka na redio, na blanketi zilizoanikwa, na siku moja na sufuria ya maharagwe ikiwa bado inachemka. Hiyo ya maharagwe iliniudhi mno, ingawa hayakuwa yangu. Mtu akiiba chakula chako kikiwa jikoni, atakuachia nini?

Tukaitana mkutano. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya askari jela, akaamua kila nyumba iwe na filimbi. Ikilia, kila mtu atoke na alichonacho mkononi. Filimbi zenyewe tulizipata kwa mchuuzi aliyewauzia vijana wanaowasindikiza mafahali kwenda uwanjani kupigana, na wanaozipuliza fahali wao akishinda. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Tulizipuliza pale pale mkutanoni, wazee kwa watoto, mpaka mbwa wakakimbia.

Zilifanya kazi. Wiki ya pili filimbi ikalia, tukamzingira kijana mmoja mwenye redio ya watu. Nami nilikimbia na wengine, nikiwa na jiwe. Sikulirusha. Lakini pia sikuliweka chini, mpaka yule kijana alipoacha kusogea. Usiseme mtu alinilazimisha. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, na nilirudi nikiapa kwamba filimbi yangu haitalia kamwe.

Ila nilikuwa na cherehani. Ilikuwa ya mkono, nyeusi, na mama yangu alikuwa ameninunulia baada ya kuvuna miwa yake kule Kabras. Nilishona sare za shule, na watoto wangu watatu walikula kutokana na sindano ile. Hatukuwa na kingine.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja fahali wa mtaa wetu alikwenda kupigana. Alipita alfajiri na watu wake, ngoma za isukuti zikirindima, sisi tukishangilia barabarani kama watu waliorogwa. Wengi tulibaki nyumbani tukingoja habari. Chai haikunyweka. Mwenyekiti alitembea nje na ndani, nje na ndani, kama baba mtarajiwa.

Saa tatu nikaenda bombani kuchota maji. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi na meza ilikuwa tupu. Nikatupa ndoo. Nikakimbilia barabarani, nikamwona mwanamume akisukuma baiskeli, na nyuma yake mzigo ndani ya gunia. Mkono wa cherehani yangu ulikuwa umechomoza nje, naujua kama ninavyoujua mkono wa mwanangu. Kiapo kilinitoka kichwani. Nikapuliza ile filimbi mpaka macho yakaniuma!

Mtaa mzima ukaamka.

"Imeshinda!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Ng'ombe yetu imeshinda!"

Wakamwagika kutoka kila mlango. Walikuja na matawi, na vifuniko vya sufuria, na mmoja na mwiko ambao obusuma, ugali wetu, ilikuwa bado imeugandia. Vigelegele! Wakamkuta yule mtu katikati ya njia, wakamzunguka, wakaanza kucheza. Nilikuwa nakimbia huku nikipuliza, na kadiri nilivyopuliza ndivyo walivyozidi kukata viuno. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Mwenyekiti akavika baiskeli majani, akamshika mwizi bega, wakaruka pamoja.

Yule mtu hakujua habari za fahali. Alichojua ni kwamba filimbi imelia na amezingirwa. Akaangusha baiskeli, akapiga magoti, akaweka mikono kichwani, akilia.

Nyimbo zikapungua, zikakatika.

"Kijana," mwenyekiti akamwuliza, "unalilia nini na ng'ombe imeshinda?"

Kisha akaliona gunia. Akaniona mimi, nahema, filimbi ikiwa mdomoni. Uso wake ukabadilika.

"Mama, hio mashine si ni yako? Ulipiga ya ng'ombe ama ulipiga ya mwizi?"

Nikaona watu wawili wakiinama kuokota mawe. Cherehani yangu ilikuwa pale chini, nzima, nimeshaipata. Kilichobaki ni neno moja tu la kinywa changu, na yule mtu alilingoja akiwa amefumba macho.

"Ya ng'ombe," nikasema. "Huyu ni fundi wangu. Anaipeleka kutengenezwa."

"Na mbona amepiga magoti?" mwenyekiti akauliza.

"Wewe ukizingirwa na mtaa mzima, utasimama?"

Wakacheka. Ah, walicheka! Wakamwinua, wakampangusa vumbi, wakamwomba radhi. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, na kwa kiburi pia, sitaficha. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kakamega.

Hapo ndipo jirani yangu, yule mama wa nyumba ya kona aliyeshona vitambaa vya meza, alipokimbia kwake akarudi amekumbatia cherehani yake. Akamwekea yule mtu mikononi.

"Fundi, basi pitia na yangu. Inakatanga uzi kila saa. Utaniletea ukimaliza."

Nikaganda. Nikisema, mawe yatarudi mikononi. Nikinyamaza, cherehani ya jirani itakwenda na haitarudi. Yule mtu aliniangalia. Jirani alikuwa akitabasamu.

Nikanyamaza.

Yeye ndiye aliyesema. Aliinama karibu na jirani, kwa sauti ambayo sisi wawili tu tuliisikia.

"Mama, usinipe. Mimi si fundi."

Jirani akamtazama. Akanitazama mimi, akayatazama mawe. Akaichukua cherehani yake taratibu, kisha akapaza sauti akiwageukia watu.

"Ati hana spana! Nyinyi mpisheni akazilete!"

Wakampisha. Alipita katikati ya matawi yale bila kuigusa ile baiskeli, na alipofika kwenye kona akaanza kukimbia. Watu walirudi kungoja habari za fahali, wakibishana kama ameshinda kweli. Mimi na jirani tulibaki barabarani, kila mmoja amekumbatia cherehani yake.

"Umefanya vizuri kumficha," akaniambia. "Hata mimi ningemficha."

Nikashusha pumzi, nikadhani yameisha.

"Lakini yangu," akasema, "ungeacha aende nayo?"

Nilianza kuifuta cherehani yangu vumbi. Akaingia kwake, akafunga mlango.