Nilivyomlilia Mzee Toma

Mpaka leo nikipita kwa jirani yangu hapa Magamba nainamisha uso. Mzee Toma ni Mwingereza. Yeye na mkewe walihamia kwetu uzeeni, na kila sheria za ukaazi zikibadilika hawajui kama watabaki au watafukuzwa.

Siku moja natoka sokoni Lushoto, kapu tupu kichwani, nikakuta majirani wamejaa uani kwake. Wamekaa kimya, vichwa chini. Mkewe anafuta machozi. Mzee mwenyewe haonekani, na wiki nzima alikuwa anakohoa.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikatua kapu, nikajifunga khanga kiunoni, nikaingia na kilio changu kile cha kusikika ng'ambo ya bonde. "Baba yangu Toma, umetuacha na nani? Mzungu wetu wewe, umekufa ugenini."

Wote wakanikodolea macho. Mke wa mchungaji akanivuta khanga. Nikadhani ananifariji, nikaongeza sauti.

Pazia la dirishani likafunguka. Mzee Toma huyu hapa, mzima, kasimama pale mtandao unaposhika, simu mkononi, uso umempauka.

"Mama Eliza," akaninong'oneza, "naongea na watu wa uhamiaji."

Kumbe majirani walinyamaza ili asikie jibu la kibali chake. Simu ilikuwa kwenye spika, na afisa wa upande wa pili akasema kwa upole kabisa, "Poleni sana kwa msiba. Basi hili ombi la marehemu tulifunge?"