Siku Niliyofungwa Mdomo kwa Ubuyu

Nakumbuka siku moja nilimpeleka binti yangu Rukia kwa mshauri wa masomo kule Tegeta, akaulizwa jina lake, nikajibu mimi. Akaulizwa umri, nikajibu mimi. Akaulizwa anapenda nini, nikavuta kiti mbele, nikakohoa kidogo, nikajibu mimi tena, na safari hii kwa kirefu. Mwanangu unayesoma haya, usicheke bado. Ujinga wenyewe hatujaufikia.

Kwanza unijue. Mie ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Tandika, nimesoma Temeke mpaka kidato cha nne, nimeoa Temeke, na duka langu liko kwenye fremu ya nyumba yangu mwenyewe, kiasi kwamba nikichelewa kazini ni kwamba nimechelewa kutoka chumbani. Nauza mchele, sabuni, mafuta ya kula, asali. Kwenda Kigamboni tu kwangu ni safari ya kuagana na majirani. Kwa hiyo ukisikia mtu wa namna hiyo kaenda mpaka Tegeta, ujue shida imemfika shingoni.

Shida ilikuwa hivi. Rukia alimaliza kidato cha sita na matokeo yakawa mazuri, ila muda wa kuomba vyuo ukawa unaelekea kufungwa na yeye hajaomba popote. Nikimuuliza, ananyamaza. Chakula anakigusa tu. Mie kwa upande wangu nilishamchagulia: asomee usimamizi wa biashara, chuo cha hapa hapa Dar, jioni arudi dukani. Niliona nimemaliza kila kitu, kilichobaki ni kitu kidogo tu, yeye kukubali. Mama yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, tumebaki wawili. Nilichokuwa nakiogopa sikumwambia mtu, wala sikujiambia mwenyewe kwa sauti: kula chakula cha usiku peke yangu.

Aliyenionyesha njia ni Bi Shamsa, jirani yangu mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa barabara. Familia yao ya Kiarabu iko pale tangu enzi za babu zao, na hakuna jambo la mtaa linalompita.

"Kuna mwalimu mmoja mstaafu anaitwa Nehemia," akaniambia. "Kafundisha chuoni miaka na miaka, saikolojia na usimamizi wa biashara. Siku hizi anawashauri vijana wasiojua wasomee nini. Mpeleke mtoto."

Mie hapo nilisikia maneno mawili tu. Saikolojia: basi huyu ataingia kichwani mwa mtoto aone pamekwama wapi. Biashara: akishaingia humo, aniwekee na ile kozi yangu. Nilimwona kama fundi wa makufuli, afungue lililopo na kufunga jipya, funguo anikabidhi mie. Nikavaa kanzu ya Idi, tukaenda.

Mwalimu Nehemia ni mtu wa Mbeya, mrefu, anayeongea taratibu kama anayeyapima maneno kabla ya kuyatoa. Alitukaribisha sebuleni kwake, Rukia akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hiyo shikamoo ndiyo sauti pekee ya Rukia iliyosikika, maana baada ya hapo uwanja ulikuwa wangu. Nilipofika katikati ya hotuba yangu ya tatu, mwalimu alisimama, akaingia ndani, akarudi na bakuli la ubuyu, mwekundu, unanukia iliki.

"Karibu ubuyu, mzee."

"Ahsante mwalimu, ila nilikuwa nasema, huyu mtoto..."

"Karibu kwanza."

Sasa mwanangu, tulivyolelewa sie, mwenyeji akikukaribisha kitu hukatai, na kinywa kikiwa na kitu huongei mbele ya watu wa heshima. Ubuyu nao haumezwi wala hautafunwi. Unaumumunya mpaka sukari iishe, ibaki kokwe, halafu uanze kutafuta pa kuitemea kistaarabu. Nikachota kwa adabu zote, nikajaza shavu. Mwalimu akanigeuzia bega, akamtazama Rukia.

"Haya mama, tuanze upya. Jina nani?"

"Rukia."

"Unataka nini, Rukia?"

Pakawa kimya. Kimya kirefu hasa, nikasikia pampu ya maji ya jirani yao ikiwaka na kuzima. Mkono wangu ulishapanda kutema kokwe ili nimwokoe mtoto.

"Ongeza, mzee, upo mwingi," mwalimu akasema, wala hakugeuza shingo. Nikaongeza.

"Nataka kusomea nyuki," Rukia akasema.

Kokwe moja nusura inipalie.

"Nyuki hawa wanaouma?"

"Ndiyo, mwalimu. Kuwafuga. Chuo kiko Tabora."

Tabora! Mie ambaye Tegeta nimefika kwa kanzu ya Idi! Nilitaka kusema neno, ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyefungiwa. Hakuna aliyenijali.

"Hayo umeyatoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Dukani kwetu. Baba anauza asali. Kila mteja akishika chupa anauliza, hii halisi kweli? Baba anaapa. Haki ya Mungu, halisi. Lakini na yeye analetewa tu, hajui ilikotoka. Mteja akiondoka, baba anaichukua ile chupa anaitazama kwenye mwanga. Anadhani simwoni." Akapangusa mikono kwenye gauni. "Mie nilitaka siku moja baba aulizwe, asiape."

Sukari ya ubuyu ilishaisha zamani. Niliendelea kumumunya kokwe.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimeanza mara nyingi. Nikisema tu, baba, mie nataka, ananimalizia."

Mwalimu akamwomba Rukia akatuchukulie maji ya kunywa jikoni. Tulipobaki wawili, akanisogezea kisahani cha kutemea.

"Sasa unaweza kusema, mzee wangu."

Nikatema kokwe moja moja. Likaja jambo la zamani ambalo hata marehemu mke wangu sikuwahi kumsimulia. Siku niliyokwenda na baba yangu kuchukua cheti cha kidato cha nne, mwalimu mkuu aliniuliza, je, kijana, sasa unataka kufanya nini? Nilikuwa na jibu. Nililiandaa njia nzima. Baba akasema, "Huyu atakaa dukani." Nikakaa. Hadi leo nimekaa. Na kinachonishangaza, lile jibu nimelisahau. Najua lilikuwepo, najua lilinikaa hapa kooni, ila lilikuwa linasema nini, sikumbuki tena. Marehemu baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipenda na alikuwa na haraka, kama mie.

Mwalimu Nehemia alinisikiliza mpaka mwisho, hakunisaidia hata neno moja. Kisha akacheka kidogo.

"Huu ubuyu nilianza kuununua kwa ajili yangu mwenyewe," akasema. "Nilipokuwa nafundisha, nauliza swali, darasa likikaa kimya kidogo tu, najibu mwenyewe. Najiona mwalimu hodari. Siku moja kijana mmoja wa nyuma, mgumu wa kuongea, akaniambia, mwalimu, mie nilikuwa bado nakuja. Basi! Na siku hiyo somo lenyewe lilikuwa namna ya kumsikiliza mtu."

"Lilikuwa la saikolojia au la biashara?"

"Mzee, asubuhi nilikuwa nawaambia, mtu humjui mpaka aseme. Mchana, wanafunzi wale wale, nawaambia mteja usimchagulie bidhaa, mwache aseme shida yake. Ni somo moja, sema chuo ndicho kilichokuwa kinanilipa mara mbili."

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi, na mengine sidhani kama yalikuwa ya kucheka.

"Habari ya Tabora sikuamulii," akaendelea. "Sikukwambia umruhusu wala umkatalie. Umesikia, basi. Yaliyobaki ni yenu wawili."

Tuliporudi, Bi Shamsa aliniona midomo na ulimi vyekundu, akaniuliza nimekwenda kwa mshauri au kwenye maulidi. Sikujibu, jambo lililomtia wasiwasi akaleta mpaka panadoli.

Jioni ile nilimuuliza Rukia, "Ulikuwa unataka kusema nini?" Nikatia ubuyu mdomoni, maana nilinunua wangu njiani, najijua. Alisema mpaka chakula kikapoa, kisha akakila chote. Hakukuwa na mabishano, ila lilikuja swali moja alilouliza yeye: "Na wewe, baba, utabaki na nani?" Nikaanza kusema mie niko sawa, mwanaume mzima. Nikajizuia. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa. Akasema na yeye anaogopa. Tukakaa na woga wetu wawili, na nakuhakikishia haukuwa mkubwa kama ulipokuwa wa mmoja mmoja.

Aliomba, akapata, akaenda. Nyumba ilikuwa kimya, nisikudanganye, na miezi ya mwanzo nilikuwa nikifungua duka mapema ili nipate watu wa kubishana nao. Likizo ya kwanza alirudi na viganja vimevimba na chupa moja ya asali nyeusi, vipande vya nta vinaelea juu. Nikaiweka mbele ya zote. Akaja mteja, akaishika, akauliza kama kawaida: "Hii halisi kweli?"

"Ndiyo," nikasema. Nikaishia hapo. Mteja mwenyewe alishangaa, alikuwa anasubiri kiapo.

Mwanangu, nasaha yangu haina marefu. Ukiwa kijana, lile jibu lako liseme likiwa bado la moto, hata kama linatoka kwa kigugumizi, hata kama mzee wako kashaanza kukumalizia. Mwambie kwa adabu, "Baba, bado nakuja." Usilimeze, maana linaweza kupotea kabisa ukabaki kulipapasa uzeeni kama mie. Na siku utakapokuwa mzazi, au mkubwa wa watu kazini, ukimuuliza mtu swali liache hewani. Kimya chake si ujinga. Usikimbilie kukijaza kwa sababu wewe ndiye unayeumia nacho. Ukishindwa, nunua ubuyu.

Mungu akupe ulimi wa kusema lako na masikio ya watu watakaongoja umalize. Akupe na wazazi wenye subira, na kama hukuwapata, akujalie uwe wewe. Amin.

Nimempelekea Bi Shamsa karatasi hizi azisome kabla sijazitoa, kwa kuwa yeye ndiye aliyenituma Tegeta. Kazisoma zote amesimama mlangoni pa duka lake, miwani puani, hakucheka nilipotarajia acheke. Akanirudishia.

"Baba Rukia," akasema, "kurasa zote hizi unamsemea mtoto, na yeye mwenyewe hujamuuliza kama anataka. Mpigie simu."