Siku Nilipomwigiza Baba

Enzi zetu za sekondari pale Temeke, redio moja ilisikilizwa na nyumba tatu, na hakuna aliyenuna. Asubuhi tulianza na mchakamchaka, vumbi likatupanda mpaka magotini. Jioni tulipalilia shamba la mihogo la shule, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea. Nyumbani tulikuta ugali wa unga wa njano, ule ambao mama zetu walipanga foleni tangu alfajiri kuupata. Lakini ukituuliza kama tulijiona maskini, tungekushangaa. Sie tulikuwa na maigizo!

Aliyetuletea maigizo ni Mwalimu Chilumba, kijana mwembamba kutoka Masasi, mwalimu wetu wa Kiswahili. Alikuwa na suruali mbili za kaki na sauti ya upole. Alisimama mwisho wa uwanja wa mpira, akatugeuzia mgongo, nasi tuliokuwa kwenye goli la upande wa pili tukasema maneno yetu mmoja mmoja. Akikusikia, alinyoosha mkono. Ukipayuka, aligeuka na kutikisa kichwa. "Usinipigie kelele," alisema. "Nitumie neno, lifike." Wiki tatu nzima mkono wake haukunyooka kwangu. Siku uliponyooka nilirukaruka mpaka kandambili ikakatika.

Kisha akatupa kazi nyingine. Kila mmoja akamwangalie mtu mmoja kwa wiki moja: anavyokaa, anavyotembea, anavyokasirika. "Ila msimcheke," alituonya. "Ukimcheka mtu, humwoni tena."

Nilimwangalia baba.

Baba yangu, fundi Ausi, alikuwa seremala wa Keko. Alitengeneza vitanda na makabati kando ya barabara, penseli sikioni, maranda yamemjaa kwenye nywele za mikono. Kabla ya kusema jambo lolote la maana aligonga mbao mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayepiga hodi. Akipima, alifumba jicho moja na kukunja mdomo upande. Nilimpelekea chakula cha mchana kila siku ya likizo, lakini wiki ile ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza.

Mwalimu alitunga mchezo juu ya seremala mchoyo anayehamia kijiji cha ujamaa lakini hataki vifaa vyake vitumiwe na wenzake. Wavulana watano walijaribu nafasi ile. Nami nilipojaribu, darasa zima likapiga meza. Nikapewa mie, Mwanaidi, msichana wa kidato cha pili.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Baba alishasema zamani, "Mtoto wa kike kupanda jukwaani ni kutafuta uhuni." Nikamdanganya kwamba jioni tuna zamu ya shamba. Mama alijua. Alinitazama viganja visivyo na udongo, akasema, "Mwanangu, uongo una miguu mifupi," akaishia hapo.

Mashindano ya shule yalifanyika Jumamosi moja mchana, kwenye uwanja wa wazi Kinondoni. Tulikwenda kwa lori, tukiimba njia nzima. Nilipanda jukwaani na koti kuukuu, masharubu ya masizi na randa ya kulainishia mbao, ya kuazima. Nikainua macho. Mstari wa mbele, juu ya benchi, walikaa mafundi wa Keko. Kumbe ndio waliojenga lile jukwaa, wakaalikwa kukaa watazame. Katikati yao alikuwa baba.

Maneno yote yalinitoka kichwani. Watu wakaanza kunong'ona, mtu mmoja akapiga mluzi. Nyuma ya pazia la kitenge nilimwona Mwalimu Chilumba. Hakuninong'oneza neno. Alisimama tu, kanigeuzia mgongo, kama kule uwanjani.

Nikageukia mbao iliyowekwa pale jukwaani. Nikaigonga mara mbili.

Mafundi wakalipuka. "We Ausi! Si wewe huyo?" Uwanja mzima ukacheka, lakini baba hakucheka. Nilifumba jicho moja, nikakunja mdomo, na maneno yakarudi yenyewe. Nikamgombeza mwenyekiti wa kijiji, nikaficha randa chini ya koti, nikalala nimeikumbatia. Watu walishika mbavu. Kisha likaja lile onyesho la mwisho, seremala anapowakuta watoto wa kijiji wamekaa chini darasani, wanaandikia mapajani. Niliitoa randa, nikaifuta kwa pindo la koti, polepole, kama baba alivyofanya kila alipofunga kazi. Nikamkabidhi mwenyekiti, watoto wachongewe madawati. Hata wauza kashata waliacha kunadi.

Baba alivua kofia akasimama. Nilidhani anakuja kunishusha.

"Huyo fundi ni mie!" akapaza sauti. "Na huyo mtoto ni wangu!"

Uwanja mzima ukasimama, sikusikia tena kitu kwa vifijo. Tulikuwa wa kwanza. Wenzangu walinibeba mabegani, Mwalimu Chilumba akaruka kama mtoto, na mpira tuliozawadiwa ukapigwa juu papo hapo. Baba alisubiri mpaka waliponishusha. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Randa umeishika vibaya," akasema. "Kidole gumba kinakaa nyuma. Kesho njoo kazini nikuonyeshe."

Kuanzia siku ile alihudhuria kila mchezo wetu, akikaa mbele na kuwaeleza majirani yupi ni nani.

Mie nami nikawa mwalimu, nikafundisha maigizo mpaka nilipostaafu. Siku hizi bado nawasaidia wanafunzi wa sekondari huko Sinza. Wana vipaji, tena vikubwa, ila wana haraka. Mazoezi hayajafika nusu saa, mtu ananiuliza, "Madam, tunarekodi saa ngapi?" Mmoja alikataa kuigiza bibi kizee kwa kuogopa kuharibu kucha. Nawacheka, nao wananicheka ninapowapeleka uwanjani kufikisha sauti wakati maikrofoni ipo. Wao wakikosea, wanafuta na kurudia hata mara kumi, na wakimaliza huinamia simu kuhesabu waliowatazama. Sie tulikuwa na mara moja tu, juani, mbele ya watu waliotujua kwa majina. Haikubaki hata picha moja, na wengi walioshuhudia wametangulia mbele ya haki. Lakini siku ile hatukuhitaji kuhesabu. Tuliinua macho tu, tukawaona wote wamesimama.