Kiti cha Mbele cha Erwin

Kwa miaka kumi na mbili Milton Sulak alitunguliwa kila Jumamosi ya maonyesho ya ndege, saa nane mchana, na mimi ndiye niliyemwandalia moshi. Mafuta yalimwagika kwenye bomba la injini, moshi mzito ukatoka, yeye akainamisha ndege na kupotelea nyuma ya mialoni, na watu wa kaunti nzima, soseji mkononi, wakapiga makofi. Dakika tano baadaye alitua upande wa pili wa uwanja, akashuka, akaja kunywa bia na hao hao waliomtungua.

Ndege yenyewe ilikuwa adui wa kubandikwa tu. Ndani ilikuwa ndege ya mafunzo ya viti viwili, ile ile ambayo vijana walijifunzia kurusha hapa Texas wakati wa vita. Mwishoni mwa miaka ya sitini watu wa filamu walitaka ndege za kivita za Kijapani na hawakuzipata, kwa hiyo wakakusanya ndege kuukuu za mafunzo, wakazirefusha mkia, wakaviringisha ncha za mabawa, wakafunika kiti cha nyuma, wakapaka rangi ya kijivu na jua jekundu. Ukiiona kutoka mbali unashtuka. Ukiisogelea unaona ni danganya toto.

Filamu ilipokwisha ziliuzwa, na mwaka 1972 tulikwenda kuziangalia, mimi na Milton. Mimi, jina langu Rudi, ni fundi wa ndege. Yeye alikuwa mkulima wa pamba aliyenizidi miaka kumi na mitano, mpole kiasi cha kuudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Nilidhani tunatembea tu. Kumbe alikuwa na kitabu chake cha zamani cha kuandikia safari za angani, na kwenye kila ndege aliingiza kichwa kusoma kibati cha namba kilichopigiliwa ndani. Kwenye ya saba hakutoa kichwa. Nikamwita. Nilipomvuta shati niliona analia, na mimi nikajifanya natazama magurudumu.

Wakati wa vita Milton alikuwa mwalimu wa marubani, na hawakumruhusu kwenda mstari wa mbele hata alipoomba, kwa sababu alifundisha vizuri. Mwanafunzi hukaa kiti cha mbele, mwalimu nyuma. Mwaka 1944 mwalimu mwenzake aliugua, na Milton akapewa wanafunzi wake awasimamie mtihani wa mwisho. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Erwin. Erwin alifaulu, akapelekwa Pasifiki, na baada ya miezi minne alitunguliwa juu ya bahari. Hawakupata hata kiatu. Kibati cha ndege ya saba kilikuwa na namba ya ndege ya mtihani ule, kwa hiyo Milton akainunua.

Kwetu huku, watu wa asili ya Kicheki, siku ya marehemu wote, tarehe mbili Novemba, kila familia husafisha makaburi yake, huweka maua na kuwasha mishumaa. Bibi Ludmila, mama yao, alikuwa na jiwe lenye picha ya Erwin, na chini ya jiwe hamna kitu. Alilisafisha kila mwaka, lakini hakuwahi kupiga magoti pale. Alisema hawezi kupigia magoti udongo mtupu.

Kwa hiyo Milton alipomweleza kuhusu ndege, yule mama aliuliza jambo moja tu, ikiwa kiti bado kipo. Akaambiwa kipo.

"Basi mvue hizo nguo za waliomuua," alisema. "Ukishamvua, niite. Nitakuja nikae alipokaa."

Ungedhani Milton angeianza kazi siku ile ile. Alichukua miaka kumi na mbili. Mara maonyesho yanahitaji adui, na bila yeye nani atatunguliwa, mara pamba, mara msimu mmoja tu, Rudi, halafu tunaanza. Mimi nilimtania kwamba amenogewa na kufa. Bibi Ludmila hakumkumbusha hata mara moja. Alikuwa akituletea mikate yake mitamu ya matunda ya plamu uwanjani, anaishusha kwenye gari, anageuza bila kutazama upande ilikokuwa ndege.

Mwaka 1984 moyo wa yule mama ulianza kuchoka, na daktari hakuzungukazunguka. Agosti ya mwaka huo Milton alikuja karakana akiwa na makopo mawili ya dawa ya kubandua rangi. Tulifanya kazi kila siku baada ya mavuno. Tuliondoa kijivu, tukaondoa jua jekundu, tukakata mkia wa uongo na kuunga wa kweli niliokuwa nimeutafuta hadi Oklahoma. Katikati ya Oktoba nilifungua mabati ya ubavuni kukagua kutu kwenye fremu ya chuma, ile inayobeba viti vyote viwili, na nikaona namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Haikuwa namba ya kibati.

Niliisoma mara tatu. Nilijua mara moja kilichotokea, maana nimewahi kufanya kazi kwenye karakana za haraka. Zile ndege zilifumuliwa kwa mkupuo, vibati vikatupwa kwenye sanduku moja, na wakati wa kuziunga kila fundi akachukua kilichokuwa juu. Nani angejali? Zilikuwa zinakwenda kulipuliwa kwenye filamu. Ndege aliyokalia Erwin huenda iliungulia California ili watu waione wakila bisi.

Ningeweza kuweka bati na kunyamaza. Nilimwita.

Milton alishika tochi, akaisoma namba, kisha akaketi sakafuni kwenye mafuta. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Erwin hakustahili kufaulu. Alikuwa harushi vibaya, lakini alikuwa hatazami nyuma, na rubani wa kivita asiyetazama nyuma ni maiti. Walipotua, Milton alimwambia atamfelisha, arudi nyumbani apande pamba. Erwin alimsihi hadi akalia, akisema atakuwa kichekesho cha kaunti. Milton akatia saini. Miezi minne baadaye barua ya rubani mwenzake ilisema adui alimjia kwa nyuma na hakugeuka kabisa.

"Nilitaka nimwambie Mama palepale," alisema. "Yeye akiwa kwenye kiti. Miaka yote hii nilikuwa najipa moyo, nikingoja Erwin awepo."

"Mwambie hivyo hivyo, mzee. Kiti ni kiti tu."

"Si cha kwake, Rudi."

"Yeye hajui."

"Mimi najua." Halafu akaniapisha nisimwambie mama kuhusu namba. Nikaapa. Nilikuwa na hasira naye, maana kwa maoni yangu alikuwa amefurahi kupata kisingizio, na hadi leo sijui kama nilimwonea.

Tarehe mbili Novemba Bibi Ludmila alikuja amevaa koti lake la kanisani. Ndege ilikuwa imesimama nje, ya rangi ya fedha, na nyota pale palipokuwa na jua. Tulimpandisha juu ya bawa akiwa kwenye kiti cha jikoni, mimi mguu huu na Milton ule, na kutoka hapo tukamteremsha kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mwepesi mno. Alishika usukani kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye kila kipimo na kila swichi, akaweka maua ya njano mapajani. Akasali kwa Kicheki. Nilifikiri amemaliza, ila alikuwa anangoja.

"Milton," alisema bila kugeuka. "Mwanangu alirusha vipi siku ile?"

Milton alikuwa amesimama bawani, mkono kwenye ukingo wa kioo. Nilimwona akifungua mdomo. Nikasema moyoni, sema sasa, sema, mpumbavu wewe.

"Alirusha vizuri, Mama. Vizuri sana."

"Hakukusumbua?"

"Hapana, Mama."

Bibi Ludmila alitikisa kichwa polepole, akaomba ateremshwe. Maua aliyaacha kitini.

Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani, maana Milton alisema ana kazi ya kufunga mabati. Tulipita kanisa, tukapita kiwanda cha pamba. Kwenye barabara ya kwao akaniambia kwamba Erwin alimwandikia barua usiku ule wa mtihani. Alimweleza kila kitu, jinsi kaka alivyotaka kumfelisha na jinsi alivyomlilia. Aliandika kwa furaha, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Nimekaa na barua hiyo miaka arobaini," alisema. "Nilikuwa nangoja aje aniambie. Si kwamba ningemgombeza."

Nilisimamisha gari. Nikasema turudi, Bibi, turudi sasa hivi umwambie.

"Hapana. Nikianza mimi, itakuwa nimemshtaki. Hilo ni lake kuleta. Na wewe usimwambie, Rudi, niahidi."

Nikaahidi. Chini ya mwezi mmoja nilikuwa nimepewa siri mbili, kila moja ya kumficha mmoja wao jambo la mwenzake, na mimi katikati nikajiona mtu mwaminifu. Bibi Ludmila alifariki kabla ya Krismasi. Barua aliagiza iwekwe naye ndani ya sanduku, na bintiye mmoja aliiweka bila kuisoma.

Siku ya maziko Milton alinishika bega makaburini. "Bora hakujua," alisema. Hapo ndipo nilipopaswa kuvunja ahadi, na sikuivunja. Nilijiambia namheshimu marehemu. Haikuwa heshima, ilikuwa woga, na sasa nalisema kwa kuwa halinigharimu chochote.

Januari Milton alinijia karakana na makopo ya rangi ya kijivu. Sikumwuliza. Alipaka mwenyewe, juma zima, na jua jekundu alilichora kwa kamba na msumari ili liwe duara kamili. Msimu ulipofunguliwa alirudi kutunguliwa, na safari hii aliinamisha ndege chini kupita kiasi, hata wale waliokuwa wakishangilia wakanyamaza kidogo. Alifanya hivyo hadi macho yalipomkatalia, akiwa na miaka sabini na minne. Kila mara nilimwandalia moshi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa amebaki mifupa, ila akili timamu, akanitania kwamba nimezeeka kuliko yeye. Nikavuta kiti. Nikamwambia yote: barua, barabara ya kwao, maneno ya mama yake kama alivyoyasema.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. 

"Alijua tangu lini?"

"Tangu siku yenyewe, mzee."

Akajigeuza ukutani, taratibu, kwa sababu ya mirija.

"Kumbe tungelia pamoja," alisema.