Mimi Si Mmbea, Natoa Tetesi Tu

Msusi huyu, mwenye saluni ya viti vitatu na draya moja, hakutaka kabisa kuitwa mmbea. Ukithubutu, anakuvuta nywele mpaka machozi yakutoke. Yeye, kwa maneno yake, alikuwa anatoa tetesi tu. Umbea, alisema, ni kumchimba mtu mambo ya ndani kwake; tetesi ni habari inayozagaa, haina mwenyewe, inangoja kuthibitishwa. Basi kila alipotaka kumsengenya mtu alianza na “nasikia”, akajiona ameshanawa mikono. Upuuzi mtupu! Nusu ya tetesi zake alizitunga mwenyewe, humo humo saluni.

Na pale saluni, aliyesemwa alikuwa ni yule aliyekaa chini ya draya. Mashine ile ilinguruma hivi kwamba ukiingiza kichwa husikii kitu, unabaki kutabasamu.

Siku hiyo alikaa humo mama wa kijana aliyemchumbia mdogo wake msusi. Mdogo mtu, aliyekuwa akisaidia kazi pale, alimpenda yule kijana kufa. Dada mtu, aliyeachika zamani, wivu ulikuwa unamtafuna.

“Nasikia kijana wake kafukuzwa kazi kwa wizi,” alimwambia mteja wa kiti cha pili, akipaza sauti kuishinda draya.

“Dada, acha umbea,” mdogo wake akanong'ona.

“Umbea uko wapi? Si nimesema nasikia? Tena nasikia…”

Umeme ukakatika. Draya ikanyamaza, yeye hakunyamaza.

“…ana mke kamficha, na mamake anajua!”

Mama mtu akainua kofia ya draya, rola zimejaa kichwani. “Umesikia kwa nani, mwanangu?”

Mdomo uliojua habari za mtaa mzima ukakosa jina moja la kutaja. Msusi akamkodolea macho mdogo wake, amwokoe.

Binti alijua akisema ukweli anamvua dada yake nguo mbele za watu. Akinyamaza, uchumba umekufa.

“Hakusikia kwa mtu, mama,” akasema huku analia. “Ametunga.”

Mama mtu akamshika binti mkono. “Twende ukanimalizie nyumbani.”

Wakatoka hivyo hivyo, rola kichwani, mchana kweupe.

“Umeona mdogo wangu alivyonivunjia heshima?” msusi akamgeukia mteja wake.

Mteja, kichwa nusu kimesukwa, alikuwa anatafuta viatu vyake.