Barua Isimfunike Mwenzake

Mama yangu alipiga taipu miaka mingi katika ofisi ya ushirika wa pamba, na wafanyakazi walipoanza kupunguzwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa kwaheri. Akachukua kiinua mgongo chake, akapanga chumba cha duka pale Mkuyuni, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na printa yenye kelele kama mashine ya kusaga. Hakujua hata pa kuiwashia. Alichojua ni kwamba watu wataendelea kuandikiana barua, ushirika uwepo usiwepo.

Aliyesoma kompyuta nilikuwa mimi, kozi fupi tu ya Dar iliyonijaza majivuno kuliko elimu. Nilirudi Mwanza kumfundisha huku kazi ikiningoja hukohuko Dar, na mwajiri alikuwa amekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi. Mama aliijua habari hiyo. Nilimwambia wazi kwamba asipoiweza mashine, siondoki. Naye akanijibu kwamba kama mashine ndiyo inayonizuia, ataiuza. Tukabaki hivyo, kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa ukali.

Kupiga taipu hakukumpa shida. Vidole vyake vilikimbia mpaka wateja wakanyamaza kumtazama. Kilichomshinda ni madirisha, yale ya kwenye kioo cha mashine. Kwenye taipureta karatasi ni moja. Unamaliza ya mtu huyu ndipo unatia ya yule. Kwenye kompyuta kazi moja inaweza kukaa juu ya nyingine, na jambo hilo mama alilikataa katakata. Mwanzoni nilidhani anaogopa kwamba kazi ya chini imefutika, nami nikawa namweleza polepole kama mtoto wa chekechea. Kumbe sikuwa nimemwelewa.

Siku moja alikuja baba mmoja wa makamo kuandikisha ratiba ya mazishi ya mkewe. Mama alikuwa amefika kwenye jina la marehemu alipoingia dada wa kamati ya harusi, mbiombio, anataka jina la ukumbi lirekebishwe kwenye kadi yake. Mimi na ujuaji wangu nikanyoosha mkono juu ya bega la mama, nikabonyeza, na kadi yenye maua na njiwa wawili ikatanda kioo kizima. Yule baba akainamisha kichwa.

"Toa hiyo," mama akasema.

"Mama, ya kwanza ipo, iko chini tu."

"Ndiyo maana nasema toa. Unamfunika marehemu kwa maua ya harusi, na mwenyewe amekaa hapa anatazama?"

Nikatoa. Dada wa harusi akampa yule baba pole, akaenda kukaa kwenye benchi bila kuambiwa. Jioni, tukifunga duka, mama akasema amefikiri vya kutosha: mashine ataiuza, yeye atakwenda kulima na dada yake Misungwi, nami nipande treni niwahi kazi yangu. "Kazi isiyo na adabu siiwezi," akasema. Alisema kwa upole, na upole huo ulinikata maini kuliko kama angenifokea.

Kesho yake niliwahi dukani peke yangu, nimenuna. Siku zote hizo nilikuwa namlazimisha mama afanane na kompyuta. Asubuhi ile nikaanza kuilazimisha kompyuta ifanane na mama. Nilipunguza ukubwa wa madirisha yakakaa ubavu kwa ubavu, kila mteja na nafasi yake. Kwa yale yasiyoenea, mama alipofika nilimwonyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja kwa mkono wa kushoto. Kisanduku kidogo kikatokea katikati ya kioo, na kazi zote zilizofunguliwa zimejipanga humo mstari mmoja.

Mama akasogeza miwani. "Kumbe wote wapo?"

"Wote wapo. Hakuna aliyetoka."

"Wamekaa benchi."

"Wamekaa benchi, mama. Unamwita unayemtaka."

Tangu hapo hakuhama kwenye barua ya mtu bila kuiaga. "Samahani baba, nakuja sasa hivi," anakiambia kioo, anaishusha ile barua chini taratibu, ndipo anamwita mwingine. Mwenye msiba hakushushwa kamwe. Huyo alipewa kioo kizima mpaka amalize. Nilicheka mpaka machozi, na nilimpenda mno.

Halafu akazigeukia folda zangu, zile za kutunzia barua za kila mteja. Nilikuwa nimezipanga kwa alfabeti, mistari imenyooka, raha tupu. Yeye akawa anazivuta kwa mausi, zenyewe zinarudi.

"Nani anazirudisha?"

Nikaondoa alama ya kujipanga zenyewe, roho inaniuma. Kufika mchana kila mteja alikuwa amewekwa upande wa kwao, kama kwenye ramani: Ukerewe juu kabisa, Sengerema kushoto, ng'ambo ya maji, Magu kulia, Misungwi chini. Watu wa mjini aliwajaza katikati. Machoni pangu ilikuwa fujo. Lakini mteja akiingia, mama anaitikia marahaba, anauliza, "Umetokea wapi, mwanangu?" na mkono wake unakuwa umeshafika huko.

Kuhusu kuiuza mashine hakusema tena, nami sikuthubutu kuuliza. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia sana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake nikisafisha kibodi, naye amesimama nyuma yangu akiitazama folda yenye jina langu, aliyoiweka katikati, jirani na yake.

"Dar iko wapi hapa?" akauliza.

Nikamwonyesha: chini kabisa, pembeni kulia.

Akaichukua mausi mkononi mwangu. Akaivuta folda yangu polepole, ikapita Misungwi, ikaenda mpaka ukingoni mwa kioo, akaiachia. Nililia, sina haja ya kuficha. Yeye hakulia. Alisema hapo ndipo atakapokuwa ananitafuta, kisha akaniambia niinuke kwenye kiti, kuna mama wa Sengerema amesimama mlangoni muda mrefu.